Bolti Kumi na Sita za Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Bi Wanja, na si kwamba alikuwa anajipaka. Macho yake aliyaacha vilevile yalivyokuja duniani. Wanja wake alikuwa anazipaka bolti.

Bolti za magurudumu, ndiyo. Ukimpelekea rimu ya gari, anachagua bolti kwenye makopo yake, anachovya kidole kwenye kichupa cha wanja, anapaka shingo ya bolti pale chini ya kichwa, halafu anaikaza kwenye tundu kwa mkono na kuifungua tena. Anachungulia. Akikuta wanja umeacha duara zima, jeusi tii, kama alama ya kikombe juu ya meza, anasema, "Hawa wameoana, wapelekeni nyumbani." Akikuta kamstari kembamba kama unyusi wa mtoto mchanga, anaitupa bolti mle ilimotoka. "Hii inabusu tu, haikumbatii. Itakuacha barabarani."

Maana bolti zinadanganya. Ziko zenye shingo iliyochongoka kama faneli, na ziko zenye shingo ya mviringo kama nusu ya gololi, na ukiziangalia haraka haraka utasema mama mmoja baba mmoja. Zinaingia tundu lilelile, zinakaza vilevile, zinakuchekea. Ukifika mteremkoni ndipo unajua kumbe hazikuwa zimekaa popote.

Elimu hiyo hakuipata darasani. Darasa alilipita kwa nje akienda kuchota maji. Aliipata katika miaka kumi na tisa ya kukaa kwenye kistuli nyuma ya gereji, katikati ya makopo arobaini. Masikio yake yalikuwa yamefika mahali pabaya. Bolti ikianguka sakafuni chumba cha pili, alijua kwa mlio ni ya gari gani, nyuzi zake nene au nyembamba, na aliyeiangusha kama ameshakunywa chai. Fundi mmoja alitaka kumtania, akadondosha kitu makusudi. Bi Wanja akajibu kutoka huko nyuma bila kuinua kichwa, "Hicho ni kifungo cha shati, na mkeo alikishona akiwa amekasirika."

Gereji yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake. Shemeji alikuwa mtu wa mwili mkubwa na subira ndogo. Injini alizijua, hilo hawezi kunyimwa. Gari lililokufa alilifufua likaamka likidai mafuta. Lakini magurudumu aliyaona kazi ya watu wadogo. Hakuhesabu bolti inazunguka mara ngapi kabla ya kukaza. Hakuzungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki. "Gurudumu ni gurudumu," alikuwa akisema, na Bi Wanja kila akisikia hivyo alihisi kama amekanyagwa kidole.

Sasa, miaka minne nyuma, siku moja Bi Wanja akiwa ameenda sokoni, Shemeji alikuwa na mteja mwenye haraka. Akaingia mwenyewe nyuma, akachota bolti kwenye kopo la kwanza aliloliona, akafunga, gari likatoka. Halikufika mbali. Gurudumu la mbele lilitoka, likalipita gari lenyewe, likakata barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, likaingia kwa kinyozi na kuegemea benchi kama mtu anayesubiri zamu. Kinyozi anaapa mpaka leo kwamba alikuwa ameshalifunga kitambaa shingoni na kuliuliza linataka panki au pembeni tu.

Hakuumia mtu. Lakini watu walijaa, na mteja alikuwa anatoa povu. Bi Wanja akarudi na kikapu chake na kuukuta mkutano. Shemeji akamnyooshea kidole mbele ya wote, "Bolti kachagua huyu mama! Mimi nilifunga nilichopewa!"

Bi Wanja alimtazama mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Alikuwa ameona kila kitu. Alimwona mumewe akichota. Akalitazama lile birika kama limeandikwa kitu, akanyamaza.

Jioni ileile Bi Wanja akapakia makopo yake arobaini kwenye toroli na kuondoka, yakilia njia nzima kama bendi ya msiba. Akapanga meza kwenye kibaraza cha nyumba yake. Na wateja walikuja, kwa nini wasije? Walikuja kununua nati za vitanda. Skrubu za mabawaba. Mtu ana gari lenye magurudumu mabovu, anapita mbele ya meza yake, anamwamkia vizuri, anaenda kutafuta bolti mtaa wa tatu. Hapo ndipo alipokuwa anachomwa. Njaa alishawahi kuiona, haikumtisha. Lakini vidole vile, vilivyoweza kusoma bolti gizani, kuulizwa habari za vitanda!

Basi akaweka moyoni. Kuna wanaosamehe wakazeeka vizuri. Yeye aliamua kuzeeka na jambo lake. Alichagua bolti moja iliyooza kwa kutu, akaiita Shemeji, akawa anaipiga nyundo mara tatu kila asubuhi kabla ya chai, na chai ilishuka vizuri zaidi. Hakutaka Shemeji afe. Hakutaka hata afilisike. Alitaka kitu kimoja tu: aseme kwa kinywa chake, palepale, mbele ya watu walewale, nani alichota zile bolti.

Akasubiri miaka minne.

Ijumaa moja asubuhi akamwona mdogo wake anakuja, anatembea kwa upande upande kama kaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kitanda kimevunjika?"

Mdogo mtu akafungua kiganja, ndani yake bolti moja ya zamani, fupi. "Wanataka kama hii, kumi na sita, lakini ndefu zaidi. Ni lile gari la Daktari."

Gari la Daktari kila mtu alikuwa analijua. Daktari mstaafu, mzee mwembamba wa maneno machache, alilinunua ujanani, likaja likalala bandani miaka mingi kiasi kwamba kuku vizazi vitatu walilelewa kwenye kiti cha nyuma na hawakujua nyumba nyingine. Shemeji alikuwa ameshughulika nalo miezi minane. Sasa linang'aa, macho ya mviringo mbele, makalio kama ya kobe, na Daktari amelinunulia rimu mpya za alumini. Kesho yake, Jumamosi, lilikuwa litoke gerejini mbele ya watu.

"Na bolti za zamani?" Bi Wanja akauliza, ingawa alishajua.

"Hazifiki. Zinazunguka mara tatu zimekwama."

"Wacha wee! Rimu ya alumini ni nene, ya chuma ilikuwa nyembamba. Aliwaza itashikwa na dua?"

"Dada, amezunguka maduka yote. Hakuna. Hizi ni za zamani."

"Kwa hiyo amekutuma kwangu."

"Hakunituma." Mdogo mtu akatazama chini. "Amesema niulize popote ila hapa. Nimekuja mwenyewe. Kesho asipolitoa lile gari, gereji inabaki kuwa kichekesho, na mimi nakula humohumo."

Ndani ya kifua cha Bi Wanja kitu kilikuwa kimeamka kinajinyoosha. Kisha akasema kwa sauti tamu, tamu mno, "Mdogo wangu, bolti haichaguliwi kwa bolti. Niletee rimu."

Mdogo mtu akarudi, na haikupita muda mrefu akaonekana tena anaiviringisha rimu ya alumini barabara nzima, jasho linamtiririka, watoto wanamfuata wakishangilia. Bi Wanja akailaza mezani, akaosha mikono, akaanza kazi.

Ni kweli alikuwa na kisasi, lakini kazi aliifanya kama kazi. Akapitisha ukucha kwenye nyuzi za ile bolti fupi, akafumba macho, akajua unene. Akavuta kopo la kumi na moja. Akapaka wanja shingo iliyochongoka, akaikandamiza kwenye tundu na kuizungusha kwa vidole, akaitoa. Mstari mwembamba, akatupa. Akapaka ya mviringo. Akachungulia. Duara zima, zuri, kama limechorwa kwa bangili. Akapima inavyotokeza upande wa pili wa rimu: upana wa vidole viwili. Hapo bolti itashika mizunguko minane bila kugusa kitu kingine. Ndizo zenyewe. Akazihesabu kumi na sita, akazipangusa, zikawa mbele yake kama meno ya mtu anayecheka.

Akazitazama. Akaona jinsi zitakavyoingia. Akaona gari likitoka kwa madaha, watu wakipiga makofi, Shemeji akipunga mkono kama ameizaa yeye ile Jumamosi. Na nani atauliza bolti zimetoka wapi?

Kulikuwa na kopo la shingo iliyochongoka palepale. Angempa hizo, gurudumu lingetoka tena, na safari hii ndani yuko Daktari. Mkono wake ulilisogelea kopo, ukasimama juu yake, ukarudi. Hapana. Alitaka Shemeji aumbuke, hakutaka mzee wa watu azikwe.

Halafu macho yake yakaenda kwenye kopo la kumi na mbili.

Bolti za kopo la kumi na mbili zilikuwa nyuzi zilezile, shingo ileile ya mviringo, kila kitu kilekile, ila ndefu. Kwenye rimu ile zingetokeza vidole vinne. Magurudumu ya mbele yasingekuwa na neno, kule nyuma ya tundu kuna nafasi. Ya nyuma ndiyo. Nyuma kuna ngoma ya breki, na bolti ndefu ikikazwa inapita mpaka ndani ya ngoma na kushika vyuma vya breki. Gurudumu halitatoka, hilo hata ukiliomba. Tatizo ni kwamba halitazunguka. Na fundi yeyote mwenye akili, akilisukuma gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki, atalijua hilo kabla hajavuta pumzi ya pili.

Bi Wanja akazisomba zile kumi na sita nzuri, akazitia mkobani mwake. Akahesabu kumi na sita za kopo la kumi na mbili, akazifunga kwenye gazeti. Mdogo wake alikuwa amesimama karibu kabisa. Aliona. Akageuza uso, akawa anaangalia nzi ukutani kwa makini sana, kama mtu aliyetumwa kuwahesabu.

"Mwambie mumeo maneno mawili," Bi Wanja akasema, "na uyaseme yalivyo. La kwanza, ahesabu mizunguko. Zaidi ya minane, asimame, anirudie. La pili, azungushe kila gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno.

"Haya, nenda. Nimempa njia ya kuokoka. Tuone kama ataipita."

Jumamosi asubuhi Bi Wanja akavaa gauni lake la kutokea, akaning'iniza mkoba begani, akabeba kistuli, akaenda kukaa kivulini mwa kibanda cha kinyozi, mkabala na lango la gereji. Kinyozi akamwuliza umekuja kunyolewa? Akasema amekuja kupunga upepo. Upepo haukuwepo.

Watu wakajaa. Lango likafunguliwa, na gari likaonekana, limesimama kwenye magurudumu yake manne yanayometa. Daktari akaingia, akafunga mlango, akashika usukani kama anampima mtu mapigo. Shemeji akasimama mbele, amevaa ovaroli mpya, akanyanyua mikono yote miwili na kuliita gari kama askari wa barabarani. Injini ikanguruma vizuri, haki ya Mungu, iliimba.

Gari likaenda hatua moja.

Halafu nyuma kukatoka mlio, krrraaak, kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, na gari likasimama. Daktari akaongeza mafuta. Likatetemeka mwili mzima, likanusa mbele, likarudi palepale. Injini ikazima. Mtu mmoja nyuma akasema, "Limekumbuka kuku wake," na watu wakaanguka kwa kicheko.

Shemeji uso ulimshuka. Akainama nyuma, akainuka, akamwona Bi Wanja pale kwenye kistuli. Na kinywa chake kikaenda mahali kilipozoea.

"Bolti kachagua huyu mama!" akapaza sauti. "Mke wangu alizitoa kwake! Ni huyu huyu, tena!"

Bi Wanja alikuwa amelisubiri neno hilo miaka minne. Akainuka polepole, akakung'uta gauni, akavuka barabara.

"Ni kweli, nimechagua mimi," akasema. "Na maagizo nilitoa. Mdogo wangu, nilikuambiaje?"

Mdogo mtu alikuwa mlangoni, palepale pa siku ile. Safari hii hakuwa na birika la kutazama. Akamtazama mumewe, akamtazama dada yake, akasema.

"Uliniambia nimwambie ahesabu mizunguko, ikizidi minane asimame. Na azungushe magurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki. Nikamwambia jana jioni nilipompa bolti; aligomba kusikia zimetoka kwako, lakini nyingine hakuwa nazo. Nikamwambia tena leo asubuhi."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema alianza kufunga magurudumu wewe ukiwa bado unasuka nywele za wanasesere."

Watu wakaguna. "Nyamaza wewe!" Shemeji akafoka.

"Nilinyamaza," mdogo mtu akajibu. Sauti ilianza chini na kupanda. "Nilinyamaza siku gurudumu lilipoenda kwa kinyozi. Bolti ulichota wewe, kwa mkono wako, dada akiwa sokoni. Nilikuona. Nimenyamaza mpaka koo limeota kutu. Leo basi."

Kinyozi, na wembe mkononi, akasema, "Ehee!" kwa niaba ya mtaa.

"Shemeji," Bi Wanja akasema taratibu, "hayo ameyasema mkeo. Mimi nangoja ya kwako."

Shemeji akaangalia gari. Likawa haliendi popote. Akaangalia watu. Nao hawaendi. Akasema kitu ndani ya kola yake.

"Sijasikia. Umri huu."

"Nilichota mimi!"

"Nini?"

"Bolti! Siku ile! Nilichota mimi, hakuwepo!"

Bi Wanja akafumba macho kidogo, kama mtu anayeonja.

Hapo ndipo Daktari akashuka garini. Akaomba jeki, akafungua bolti moja mwenyewe, akaishika mbele ya jua, akaigeuza. Mzee alikuwa amepasua matumbo ya watu miaka thelathini. Alijua kitu kisichokuwa mahali pake. Akamgeukia Bi Wanja.

"Hii ni ndefu mno. Ulijua?"

Swali hilo Bi Wanja hakuwa amelitegemea. Watu wote walikuwa upande wake sasa. Neno moja tu la kujitetea lingepita. Lakini alikuwa amelilia jina la mkweli miaka minne, na sasa analo mkononi lina joto.

"Nilijua," akasema.

"Ukampa."

"Nikampa, na njia ya kuigundua nikampa. Bolti ya kung'oa gurudumu barabarani nilikuwa nayo pia kwenye kopo. Nikaiacha. Zako za sawasawa hizi hapa, ziko mkobani tangu jana." Akazimwaga juu ya boneti, kumi na sita, zinalia.

Daktari hakucheka. "Leo ulikuwa na hasira naye. Kesho nikija, nitajuaje huna hasira na mimi?"

Hilo lilimwingia Bi Wanja mpaka kwenye mfupa. Ni hilo hasa mtu wa bolti hapaswi kuulizwa. "Hutajua," akasema. "Ila nikifunga mwenyewe, nitakaa ndani. Nipe kiti cha mbele. Gurudumu likitoka, tutoke wote."

Daktari akasogea kando ya gurudumu. "Funga."

Akafunga mwenyewe, amepiga magoti na gauni lake la kutokea. Aliyempokeza bolti moja moja alikuwa Shemeji, kwa sababu Bi Wanja alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kungoja, na hakuna mwingine aliyesogea. Kila moja iliingia mizunguko minane. Magurudumu manne yote akayasukuma kwa kiganja, yakazunguka kimya kama maji. Ndipo jeki ikashuka.

Akaingia kiti cha mbele. Mdogo wake akamfungia mlango, mikono yao ikagusana kwenye kioo. Daktari akawasha gari.

"Ngoja kwanza," Bi Wanja akasema, akatoa kichwa dirishani. "Shemeji! Bolti mpya lazima zikazwe tena zikishatembea. Chukua spana uje nyuma."

"Nije na nini?"

"Na miguu. Daktari hataenda mbio."

Watu wakamtazama Shemeji. Shemeji akachukua spana.

Gari likatoka langoni likiteleza, taratibu, likampita kinyozi, likaupita mtaa wote, na kila aliyekuwa na gari bovu alimwona aliyekaa mbele. Nyuma yake, kwa mwendo wa maandamano, ovaroli mpya na spana ya magurudumu begani.

Kwenye kona ya kwanza Shemeji akauliza, akihema, "Hapa?"

Bi Wanja akasikiliza magurudumu. Hayakuwa na neno hata moja.

"Bado, Shemeji," akasema. "Twende mpaka kona ile."